Gurudumu Lililotangulia

Hadithi hii ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Haikutiwa chumvi hata punje, haikupigwa chuku, wala haikuazimwa kwa jirani. Msimulizi yuko tayari kuisimamia juani na mvuani, hata mbele ya mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Msomaji atakayeona mahali imepinda, ajue ni karatasi iliyopinda.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwa na maana kwamba mwongo huwahi kufika. Walimaanisha kwamba huianza safari kwa mbwembwe, akiwapungia watu mkono, na kabla vumbi lake halijatua, njia imemwishia miguuni. Mzee mmoja, fundi mstaafu wa mizani, aliijua methali hii tangu akiwa mtoto wa kaptura, na alikuwa hodari wa kuwatolea wengine mfano wake. Hakudhani hata siku moja kwamba ingekuja kumpima yeye, tena kwa hatua za miguu.

Kwa miaka thelathini na minne mzee huyo alitengeneza mizani: za buchani, za ghalani, za zahanati, hata ile ndogo ya sonara inayopima vumbi la dhahabu. Mtaani walimwita Mzee Mizani. Mizani iliyotoka mikononi mwake haikudanganya hata kwa uzito wa bawa la nzi. Ulimi wake ndio uliokosa jiwe la kupimia. Aliwasimulia watu jinsi alivyokuwa akipakia mizani ya ghala kwenye baiskeli yake nyeusi na kuvuka nayo milima mitatu bila kutia mguu chini. Mwaka uliofuata milima ikawa mitano. Alipostaafu ilikuwa saba.

"Hiyo milima inazaana?" mkewe alimuuliza siku moja, bila kuinua macho.

Mkewe alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na hata mumewe alimwita Mwalimu. Kalamu yake nyekundu haikustaafu pamoja naye. Alisahihisha magazeti, kadi za mialiko na vibandiko vya chupa za dawa, kisha akaviweka pembeni kwa masikitiko, kama daktari aliyefika kwa mgonjwa akiwa amechelewa.

Ama hiyo baiskeli nyeusi, ilikuwa na mzee kama chanda na pete. Asubuhi watu walimwona akiikokota kwenda kazini, mkono mmoja usukanini, mizani imefungwa kitini kwa mpira. Jioni walimwona akiikokota kurudi. Walimsalimu, wakapita. Hakuna aliyepata kujiuliza lolote.

Kwa wazee hawa aliishi mjukuu wao, binti wa miaka kumi na tisa, aliyepeleka dawa majumbani kwa baiskeli kutoka duka moja la dawa. Wenzake walimpa jina la Kipanga kwa jinsi alivyoshuka milima: hakuteremka, alitua.

Nje ya mji kulikuwa na machimbo ya kokoto yaliyoachwa, na kila mwaka vijana walishindana pale kuteremka na baiskeli za milimani. Watatu wa kwanza waliingizwa katika timu ya mkoa, wakapewa kocha na baiskeli ya maana. Mwaka uliotangulia Kipanga alikuwa wa nne. Hakuangushwa na woga, aliangushwa na mikono. Baiskeli yake ya mtumba ilikuwa na uma mkavu wa mbele, yaani ile miguu miwili ya chuma inayolishika gurudumu, ambayo mafundi huiita foku. Kila jiwe alilolikanyaga lilimpanda moja kwa moja hadi viwikoni, na kabla hajafika katikati ya mteremko vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mashindano yenyewe yalikuwa ya walio chini ya miaka ishirini. Mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, alirudi kutoka mazoezini, akachukua bilauri ya maji, ikamponyoka. Wote watatu wakabaki wakivitazama vipande sakafuni.

"Wenzangu wana foku za springi," Kipanga alisema akiinama kuokota. "Wakigonga jiwe, foku inabonyea, wao wanapita. Mimi nikigonga jiwe, jiwe linanigonga."

"Kwani springi ni mnyama gani?" Mzee Mizani alijibu. "Mimi nimelala nazo na kuamka nazo. Nitakuundia foku inayopumua."

"Babu, umewahi kuunda hata moja?"

Hapo ndipo mwenye busara angesema hapana. Mzee alikohoa kidogo. "Sasa ile niliyovukia milima saba unadhani ilikuwa kavu?"

Mwalimu alitua kalamu mezani. "Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia habari za springi kwenye hiyo milima."

"Hukuwahi kuuliza."

Kazi ikaanza uani kesho yake. Na haki ya mtu apewe hata akiwa mwongo: mikono ya mzee ilikuwa ya dhahabu. Aliitafuta nguzo ya mizani mbovu ya zahanati, ile nyororo ya chuma inayong'aa ambayo mgonjwa husimama mbele yake akipimwa uzito, akaikata vipande viwili. Hiyo ikawa miguu ya juu. Mabomba manene ya kitanda cha chuma yakawa miguu ya chini, ya kuvaliwa nje ya ile ya juu na kupanda na kushuka kama pampu. Ndani akatia springi za mizani ya mezani. Kilichobaki ni kitu cha kuzuia chuma kisisage chuma, pete fulani za plastiki ngumu.

Siku hiyo Mwalimu alikitafuta kibao chake cha plastiki cha kukatia mboga hadi akachoka. Alikikuta uani, kimetobolewa mashimo manne ya mviringo, kama kimeliwa na panya aliyesomea hesabu.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Sayansi," mzee alisema.

Jaribio la kwanza liliwaacha vinywa wazi. Mzee aliuegemea usukani kwa uzito wake wote, foku ikazama taratibu, laini kama godoro. Akatabasamu, akaachia. Foku ikarudi juu kwa teke, usukani ukamkuta kidevuni, naye akajikuta ameketi kwenye beseni la nguo zilizolowekwa.

"Hiyo si foku, Babu," Kipanga alisema akimvuta mkono. "Hiyo ni punda."

Springi peke yake hurudisha yote iliyopewa, tena papo hapo. Mzee alilifikiria jambo hilo siku mbili, akitafuna kijiti. Siku ya tatu kandambili ya Mwalimu ya mguu wa kulia haikuonekana. Mzee alikuwa ameikata soli vipande vidogo vya mviringo na kuvipanga ndani ya springi, na raba ile ikaumeza ule ukali wote.

"Foku imepata raha," Mwalimu alisema, ameishika kandambili ya kushoto. "Na mimi nitembee na huu mguu mmoja?"

"Mwenzangu, historia haisahau mchango wa mtu."

Kuanzia hapo kila jaribio lilimshangaza mwenyewe. Aliikandamiza foku kwa mikono, akaikalia, akaiwekea mifuko ya mchanga. Ilibeba kilo mia tatu bila kulia. Nayo ilikuwa nzuri kweli, nyeusi chini, inayong'aa juu, imepakwa grisi nzito. Hata ukiinyanyua baiskeli kwa mkono, gurudumu la mbele halikucheza, kwa jinsi pete mpya za plastiki zilivyoikaba ile miguu.

Mwenye kuunganisha vyuma vyote hivyo alikuwa jirani yao, mama mchomeleaji mwenye alama ndogo ndogo za moto mikononi, ambaye kila mtu alimwita Cheche. Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mashindano, mzee na Kipanga waliipeleka baiskeli kwenye karakana yake ili akague kazi yake kwa mara ya mwisho. Alipitisha kidole kwenye kila mshono, kisha akasimama wima.

"Nani ameshuka nayo mlimani?"

"Nitashuka nayo kesho," Kipanga alisema.

"Kesho ni mashindano." Cheche alivua glavu moja, kisha ya pili. "Mzee, mimi nachomelea mageti. Geti langu likianguka, linaanguka mahali liliposimama. Hili dude litabeba mtoto kwa kasi ya gari. Aliyeliunda ashuke nalo kwanza. Asiposhuka yeye, na mtoto asipande."

Kipanga alimgeukia babu yake. Hakuwa na hasira, alikuwa anapima. "Cheche ana haki, Babu. Kama hujaijaribu, niambie tu. Narudisha ile kavu. Nitashindwa, lakini nitarudi nyumbani kwa miguu yangu."

Sasa, asubuhi ya siku ileile mzee alikuwa kweli ameikokota baiskeli hadi machimboni. Alisimama juu ya mteremko, akautazama, nao mteremko ukamtazama. Kisha akaigeuza baiskeli na kuikokota kurudi nyumbani, na tope la njiani lilikuwa bado limekaukia kwenye matairi. Alilitazama tope lile, na ulimi ukamtangulia.

"Nimeshuka nayo mara tatu," alisema. "Leo asubuhi. Tope hilo hapo."

Nyundo ilimponyoka Cheche. "Hadi pale kwenye ukingo wa kuruka?"

"Niliruka."

"Na miaka yako sitini na sita?"

"Baiskeli haiombi cheti cha kuzaliwa."

Cheche akampa mkono kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa. Kipanga alimkumbatia babu yake shingoni hadi kofia ikaanguka. Ndani ya kumbatio lile mzee alijiapiza kwamba jioni angeifungua foku na kuiangalia upya, kiungo kwa kiungo. Lakini uongo ukishasemwa humfunga mwenyewe mikono. Angekifunguaje, mbele ya macho ya Mwalimu, kitu alichotangaza kuwa kimeshuka mlima mara tatu? Akakaa, akaitazama ikiwa imeegemezwa ukutani, akaenda kulala mapema.

Jumamosi machimboni watu walikuwa wengi. Walishindana mmoja mmoja, kila mtu akipimwa muda wake. Kipanga alipoitwa, kicheko kilipita kwenye mstari wa wachezaji.

"Hiyo ni baiskeli au kitanda cha hospitali?" kijana mmoja aliuliza.

"Ni kitanda," Kipanga alijibu akifunga kofia ngumu. "Angalia usije ukalala."

Kengele ikalia. Sekunde chache tu baadaye hakuna aliyecheka tena. Pale ambapo wenzake walirushwarushwa kama mahindi kwenye kikaango, yeye alipita kama anayeteleza juu ya maji. Foku ilizama na kurudi, ikazama na kurudi. Kocha wa timu ya mkoa aliinuka kitini. Mtangazaji alisoma muda wa nusu ya mteremko, akausoma tena kwa sauti ndogo, kana kwamba aliogopa kuulizwa: ulikuwa chini ya muda wa wote waliotangulia kwa sekunde nne. Mwalimu alimshika mumewe mkono. Mzee Mizani alihisi machozi yakimlenga, na kwa kitambo kifupi aliamini kabisa kwamba aliwahi kushuka nayo mwenyewe.

Kisha Kipanga akafika kwenye ukingo.

Hadi hapo gurudumu la mbele lilikuwa halijaachana na ardhi. Zile pete za plastiki zilikuwa zimepata joto na kulegea, na grisi ilikuwa imelainika kama mafuta. Kipanga aliuvuta usukani, baiskeli ikaruka, na huko hewani miguu ya chini ya foku ikachomoka kwenye miguu ya juu, polepole na kwa adabu, kama upanga unavyotolewa alani. Gurudumu likaendelea na safari zake. Kipanga akabaki juu na vyuma viwili vinavyong'aa vimeelekea mbele kama pembe.

Watu walikuwa wamekodoa macho, kila mtu na mkono mdomoni, wakiangalia vitu viwili vilivyokuwa kimoja vikienda kila kimoja upande wake. Gurudumu likateremka peke yake, likapinda kona ya kwanza, likapinda ya pili, likavuka mstari wa mwisho mbele ya meza ya waamuzi, na mpima muda, kwa mazoea ya kazi, akabonyeza saa. Ulikuwa muda bora wa siku ile.

Kipanga alianguka kwa bega.

Mzee hakujua alifikaje pale. Alimkuta amelala chali, macho wazi, vumbi kwenye kope.

"Babu," alisema, "gurudumu liko wapi?"

Kwenye zahanati walisema mfupa wa mtulinga wa kulia umevunjika, ila kichwa na shingo ni vizima. Wakamfunga mkono kwa kitambaa kifuani. Chumba kilikuwa kidogo: kitanda, kiti, bomba lililokuwa likidondosha maji, na pembeni mizani ya kusimamia ambayo mzee aliitengeneza kwa mikono yake miaka tisa iliyopita. Mwalimu alikaa kitini. Cheche alisimama mlangoni. Mzee hakupata mahali, akawa anasogeasogea kama mtu aliyekosa nyumba.

Mwamuzi mkuu aliingia na karatasi zake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu iliyofungwa kamba shingoni.

"Naandika taarifa," alimwambia Kipanga. "Kocha ameuona ule muda wako wa nusu. Yuko tayari kukuchukua bila hata kumaliza, mfupa ukipona. Lakini anauliza swali moja: ni chombo kilichovunjika, au ni wewe uliyekosea kuruka? Chombo kinabadilishwa. Asiyejua kuruka hamtaki."

Kipanga alifumba macho kidogo. "Ni mimi. Babu ameshuka na hiyo foku mara tatu, akaruka palepale, na haikuchomoka. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeivuta vibaya."

"Una uhakika?"

"Babu yangu anapima vitu maisha yake yote."

Mwamuzi akainamisha kichwa, akaanza kuandika. Kalamu ilikwaruza karatasi. Mzee Mizani aliisikiliza ikikwaruza, neno kwa neno. Aliwahi kuona mizani ikisoma kilo zisizokuwepo kwa sababu mtu kaegemeza kidole. Kidole cha leo alikijua ni cha nani.

"Futa hilo," alisema.

Mwamuzi aliinua uso.

"Sikushuka nayo."

"Babu?" Kipanga alijaribu kuinuka.

"Hata mara moja. Nilifika juu, nikaangalia chini, nikarudi. Tope lilikuwa la njiani."

Cheche aliachia mlango. "Mzee, mtu anayevuka milima saba na mizani ya ghala ameshindwaje na kile kimteremko?"

Mzee alivua kofia. Aliizungusha mikononi mzunguko mzima, kama anayetafuta mahali ilipoandikwa bei.

"Sijui kupanda baiskeli," alisema.

Bomba lilidondosha tone. Likadondosha jingine. Cheche alirudi nyuma, akaketi kwenye jukwaa la mizani bila kujua, mshale ukaruka, na hakuna aliyeutazama. Mwamuzi alibaki na kalamu hewani. Lakini aliyepigwa na butwaa kuliko wote alikuwa Mwalimu, ambaye hakuna kosa lililopata kumpita maishani mwake.

"Miaka arobaini na mmoja," alisema taratibu. "Kila jioni nakuona unaikokota. Nilidhani unaihurumia."

"Siku ya kwanza kazini waliniuliza kama najua, nikasema najua. Siku ya pili ikawa nimechelewa kusema kweli."

"Na siku ya pili imekuwa ndefu hivyo?"

Mwamuzi alikata mstari alioandika, akaandika mwingine: chombo. Kisha akauliza, kwa sababu ni kazi yake kuuliza, hicho chombo kilikosa nini. Cheche ndiye aliyejibu, akiwa bado ameketi juu ya mizani. "Nimekiangalia njiani. Kina cha kuzuia kisizame mno. Cha kuzuia kisichomoke hakina. Boliti mbili ndefu tu, mzee. Ulizisahau?"

"Sikuzisahau. Hazikunijia kabisa. Kwenye mizani hakuna kinachoruka." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Maisha yangu yote nimepima vitu vinavyokandamiza. Ningeipanda hata mara moja hadi pete zilegee, kisha nikainua gurudumu hata kwa kidole, ningejua."

Kipanga aligeuza uso ukutani, na mgongo ule mdogo ulimuuma mzee kuliko tusi lolote.

Siku tatu alimpa babu yake mgongo. Siku ya nne, wakiwa mezani, Kipanga alimsogezea babu yake kibakuli cha sukari kwa mkono wa kushoto.

"Kocha amesema baada ya wiki kumi," alisema. "Foku ya pili utaunda?"

"Ukiruhusu."

"Naruhusu. Utashuka nayo wewe kwanza. Mbele ya watu."

"Mjukuu wangu, nimekuambia sijui."

"Ndiyo maana kuna wiki kumi."

Basi mtaa ukaona maajabu: binti mwenye mkono uliofungwa kifuani akikimbia uwanjani, mkono mmoja nyuma ya kiti cha baiskeli nyeusi, na juu yake mzee wa miaka sitini na sita amekakamaa kama ubao wa kupigia pasi. "Angalia mbele, Babu, usiangalie tairi. Tairi linajua njia." Mara mbili aligonga mlingoti wa goli, ule ule wa kushoto, ingawa uwanja ulikuwa mpana. Wapita njia waliokuwa wakimsalimu miaka yote walisimama, wakahesabu vidoleni, na mshangao ukawapanda usoni taratibu kama maji kwenye ndoo.

Foku ya pili ilikuwa na boliti ndefu ndani ya kila mguu. Cheche aliinyanyua baiskeli nzima kwa usukani, akaikung'uta kama shuka linalotoka kufuliwa. Gurudumu likaning'inia, halikuondoka. "Sasa hii," alisema, "hata geti langu linaionea wivu."

Siku ikafika. Watu walijaa machimboni kuliko siku ya mashindano. Mzee Mizani alipanda, akashusha pumzi, akapiga moyo konde, akaachia breki. Alishuka mteremko mzima kama mwewe, akaruka ukingo, akaachia mikono yote miwili, na kufika chini akiwapungia watu, huku kocha wa mkoa akiomba ajiandikishe.

Hapo msimulizi alitaka kuweka nukta na kufunga daftari.

Lakini daftari lilipita kwanza mezani kwa Mwalimu, na limerudi na maduara matatu mekundu. La kwanza liko kwenye zile kilo mia tatu. Pembeni ameandika: "Hapakuwa na mifuko ya mchanga. Zilikuwa kilo sitini na mbili, uzito wako." La pili limelizunguka gurudumu lililovuka mstari wa mwisho: "Lilitumbukia mtaroni, hatua arobaini kutoka ukingoni. Nililiokota mimi." La tatu liko hapo juu, kwenye mwewe, na pembeni yake kuna neno moja tu: "Wapi?" Chini ya neno hilo kuna mwandiko mwingine uliolala, wa mtu aliyejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto kwa wiki kumi: "Babu, mimi ndiye niliyepima."

Kwa hiyo imempasa msimulizi akiri kwamba yeye na Mzee Mizani hula sahani moja, huvaa kofia moja, na wana mke mmoja. Imempasa pia aseme kwamba insha hii si fahari yake bali ni adhabu. Kushuka ilikuwa nusu ya malipo. Nusu ya pili, iliyotolewa na Mwalimu, ni kuandika yote kwa mwandiko safi, na kwa kila uongo utakaokutwa humu, ashuke tena mara moja. Umekutwa mara tatu. Mara mbili ameshalipa, Kipanga akiwa amesimama kandokando na fulana mpya ya timu ya mkoa, na foku haina hata mkwaruzo. Mwenye plasta ni aliyeiunda. Ya tatu ni kesho asubuhi.

Na kilichotokea siku ile mbele ya watu, bila chumvi, ni hiki. Alipanda, akaachia breki, akaangalia tairi badala ya mbele, akaingia kichakani. Kipanga alishuka, akatembea polepole kutoka mahali pa kuanzia hadi kwenye kile kichaka ambamo viatu viwili vilikuwa vimechomoza, akahesabu kwa sauti ili hata walio nyuma wasikie, na hesabu yake ikaishia kumi na mbili. Hatua kumi na mbili tu, baada ya miaka thelathini na minne ya milima saba: kweli njia ya mwongo ni fupi.